Akiba ya Mnyororo

Mwero alikuwa chini ya trekta, anakaza boliti za sahani ya mafuta, aliposikia anaitwa kwa sauti ambayo hakuipenda. Alijivuta nje kwa mgongo. Mlangoni mwa gereji alisimama Tembo, dereva wa trekta la pili, miguu imejaa tope jeusi la mikoko hadi magotini.

"Fundi, lori limelala," Tembo alisema. "Limelala kule kunakokatwa boriti, na Alfani yuko chini."

"Chini wapi?"

"Chini yake. Yu hai. Anazungumza."

Mwero hakuuliza zaidi. Alifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaanza kutaja vitu, na Tembo akawa anavibeba: jeki mbili, mbao nene za kuwekea chini, kamba ya waya, na winchi ya mnyororo iliyokuwa ikining'inia kwenye boriti ya paa. Winchi aliishusha yeye mwenyewe. Kabla ya kuipakia kwenye tela, aliutia mkono kinywani mwa kulabu yake, kama alivyokuwa akifanya kila mara, akahisi kwamba kinywa kile kilikuwa kipana kuliko inavyofaa. Alilijua hilo tangu mwaka uliopita. Alikwisha kumwambia Bwana Kendall, meneja, na Bwana Kendall alimjibu kwamba nyingine itaagizwa.

Shamba la Mwaembe lilikuwa shamba la minazi na mkonge, upande wa Msambweni, na ardhi yake ilishuka polepole mpaka kwenye mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko. Huo ulikuwa mwaka uliofuata uhuru. Mkonge ulikuwa haulipi tena kama zamani, lakini kule Diani watu walikuwa wanajenga, na wajenzi walitaka boriti. Basi shamba likaanza kukata mikoko. Maji yakipwa, lori hushuka hadi ukingoni, hupakia, na hupanda kabla maji hayajarudi. Njia yenyewe ilikuwa ya mchanga na maganda ya chaza, imeinama upande mmoja. Kila dereva aliichukia, na Alfani aliichukia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alfani alikuwa Mdigo wa kijiji cha jirani, mwembamba, mcheshi, mwenye kofia ya vito, ya kudariziwa kwa uzi, asiyoivua hata akiwa chini ya gari. Mwero alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, alikotoka akiwa kijana asiyejua kitu isipokuwa ng'ombe. Waliajiriwa pamoja. Alfani ndiye aliyemzoesha kula samaki. Mwero alipooa, Alfani aliomba lori la shamba, akaenda nalo mpaka Kinango na vumbi lake, akamleta bibi harusi kiti cha mbele huku anapiga honi katika kila kijiji walichopita. Watu walizoea kuwaona wakitukanana kwa utani, Mdigo na Mduruma, mpaka wageni wakadhani wana ugomvi.

Trekta liliposhuka kwenye mikoko, Mwero aliliona lori limelala ubavu wa kushoto, matairi ya kulia yako hewani, na boriti zimemwagika nusu, nusu bado zimefungwa. Wakataji walikuwa wamesimama kandokando, mashoka mikononi, hawajui wayafanyie nini. Katikati ya tope, Abdurahman, mdogo wake Alfani, alikuwa amepiga magoti, amempakata kaka yake kichwa. Abdurahman alikuwa mkataji wa boriti katika genge lile lile.

Kutoka kiunoni kwenda chini Alfani hakuonekana. Lori lilipoanza kuinama alifungua mlango akaruka, lakini aliruka upande lilikokuwa linaangukia. Ukingo wa bodi ulimshindilia ndani ya tope. Tope lenyewe ndilo lililomwokoa asipondeke, na ndilo lililomshika.

"Umechelewa, Mduruma," Alfani alisema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Ulikuwa unakunywa uji?"

"Nilikuwa natengeneza ulichokiharibu jana," Mwero alijibu, akainama. "Unasikia miguu?"

"Mmoja nausikia. Wa pili sijui kama ninao."

Mwero alitazama nyuma yake, kule mkono wa bahari ulikofunguka. Maji yalikuwa mbali bado, mstari mwembamba unaong'aa. Lakini siku zile zilikuwa za bamvua, maji makuu ya mwezi, na kila mtu aliyekuwa pale alijua jinsi maji ya bamvua yanavyokuja. Alama yake ilikuwa kwenye mashina ya mikoko, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama.

Walianza na jeki. Mwero aliweka mbao, akaweka jeki juu ya mbao, akausukuma mpini wake juu na chini. Lori halikupanda. Mbao ndizo zilizoshuka. Aliongeza mbao nyingine juu yake, na hizo pia zikaingia taratibu, tope likazifunika kana kwamba hazikuwahi kuwekwa. Wengine walijaribu kuchimba kwa mikono na makoleo pembeni mwa Alfani. Kila shimo walilochimba lilijaa lilelile tope kabla hawajainua koleo la pili.

"Toeni boriti zote," Mwero alisema. "Hata moja isibaki juu ya bodi."

Walifanya kazi ile kama watu wanaofukuzwa. Wakati huo Mwero alimtuma Tembo arudi ofisini, apige simu Mombasa kwenye kampuni yenye gari la kunyanyulia, ambalo watu waliliita bredauni. Bwana Kendall mwenyewe alikuwa Mombasa siku ile. Tembo alirudi anahema. Gari lilikuwapo, alisema, na lingekuja, lakini lilikuwa ng'ambo ya pili, nalo lilitakiwa kungoja feri Likoni, kisha lije kwa barabara ile ya mashimo.

"Litafika lini?"

Tembo aligeuka. Aliyatazama maji. Mwero naye akayatazama, na jibu likawa limepatikana.

Mmoja wa wakataji alisema wayafunge mapipa matupu ubavuni mwa lori, maji yakijaa yaliinue. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na kwa dakika moja wote walichangamka. Kisha Abdurahman akasema, bila kuinua uso, "Mapipa yataanza kuelea maji yakishampita yeye." Hakuna aliyelirudia wazo hilo tena.

Ilibaki winchi.

Walisimamisha boriti tatu ndefu kuliko zote, wakazifunga vichwa pamoja, wakazitanua miguu juu ya mbao. Juu pale Mwero aliining'iniza winchi, akaizungusha kamba ya waya kwenye ukingo wa bodi. Alipokuwa anafunga, mzee mmoja wa wakataji, aitwaye Jefwa, aliisoma namba iliyogongwa kwenye kulabu.

"Fundi, hii si inasema tani mbili?"

"Ndiyo."

"Na lori lina tani ngapi?"

"Likiwa tupu, nne."

Nyuso zilisawijika. Mwero alieleza kwamba hawataliinua lote. Watainua ukingo mmoja, na ule mwingine utabaki umeegemea chini, kwa hiyo watabeba kama nusu tu. Jefwa alihesabu kwa midomo, akaangua kicheko cha furaha. "Basi ni tani mbili kwa mbili! Imetosha sawasawa!" Wengine walilipokea neno hilo, likapita kutoka kwa mtu hadi mtu, imetosha, imetosha, mpaka likamfikia Alfani, naye akafumba macho akasema alhamdulillahi.

Mwero alitamani awaachie furaha ile. Lakini yeye alikuwa amefundishwa, na aliyefunzwa hawezi kujifanya hajui.

Aliyemfundisha ni Bwana Rudge, mzungu aliyekuwa mkuu wa gereji kabla hajafunga mizigo yake akahamia Rhodesia ili asiitazame bendera mpya. Alikuwa mtu mkali, mchache wa maneno, lakini jambo hili alilieleza mara nyingi, kila alipowakuta mafundi wanainua kitu. Namba ile, alisema, si namba ya kukatikia. Mnyororo wa tani mbili ukiwa mpya haukatiki kwa tani mbili, wala kwa tatu. Waliouunda wameutilia akiba, maradufu na maradufu tena. Lakini akiba ile si ya fundi. Ni ya kutu. Ni ya mshtuko wa ghafla, na ya mzigo unaovutwa upande, na ya ufa ambao jicho haliuoni. Fundi anayeinua tani tatu kwa winchi ya tani mbili, kisha akarudi nyumbani anacheka, amekula akiba ya mtu mwingine atakayekuja kuihitaji.

Na winchi hii ilikuwa imeliwa. Kabla ya Mwero kuijua ilikuwa tayari imeinua mitambo ya kukamulia mkonge, na mapampu, na mara moja boila zima, Bwana Rudge mwenyewe akiwa likizo. Pete za mnyororo zilikuwa zimerefuka. Kulabu ilikuwa imefunguka. Tani mbili zilizoandikwa pale zilikuwa za winchi nyingine, ile iliyotoka dukani zamani. Ya leo ilikuwa na ngapi, hakuna aliyejua.

Tena kulikuwa na tope. Mtu akikanyaga tope la mikoko na kiatu, mguu hutoka, kiatu hubaki. Lori lile lilikuwa limelala pale tangu asubuhi, na tope limelikumbatia ubavu mzima. Tani mbili zilikuwa za chuma peke yake. Tope lingedai zake.

Aliwaambia. Hakuwaambia yote, lakini aliwaambia ya kutosha. Walimsikiliza, kisha wakaanza kumtazama kwa namna nyingine.

"Sasa unasema tusiinue?" Abdurahman aliuliza.

"Nasema tuivute kidogo kwanza, tutazame kulabu."

Walivuta. Mnyororo ulikaza, boriti zikalia, waya ukajikaza kama uzi wa zeze. Lori halikusogea. Mwero alikuwa amepanda kwenye tela, macho yake usawa wa kulabu, na aliona kinywa chake kinafunguka. Kilifunguka kidogo tu, upana wa ukucha.

"Basi! Legezeni!"

"Legezeni nini?" Abdurahman alisimama kwa mara ya kwanza, tope limemtapakaa mpaka shingoni. "Fundi, maji yale unayaona? Yamefika kwenye mikoko ya mbele. Legezeni nini?"

"Kulabu inafunguka, Abdurahman. Ikiachia, lori litamrudia. Tope lililomwokoa mara ya kwanza sasa limechimbwachimbwa, haliko tena."

"Na likikaa hapo?"

Mwero aliitazama kulabu.

"Nijibu. Likikaa hapo itakuwaje?"

"Unajua itakavyokuwa."

"Basi zungumza na sisi kama mtu, usizungumze kama mzungu wako!" Sauti ya Abdurahman ilivunjika. "Tumeambiwa mambo sasa ni yetu. Funguo za gereji unazo wewe. Kama ni kusimama na kusema haiwezekani, hata Rudge angeweza."

Maneno yale yalimwingia Mwero, akayaacha yaingie. Alishuka kwenye tela, akatafuta njia nyingine. Alifunga trekta kwenye lori kwa waya ili lisaidie kuvuta, akapima kwa macho, akafungua tena, kwa sababu trekta lingelivuta lori kwenda mbele, na kwenda mbele kulikuwa ni kumpitia Alfani kifuani. Alifikiria kuupitisha waya kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, ili mzigo ugawanyike, lakini kapi haikuwapo; ilikuwa imepelekwa shamba la jirani wala haikurudishwa. Aliongeza boriti za kupenyezwa chini ya ukingo na kukandamizwa, wanaume wanne wakining'inia kwenye kila moja kama wanaong'oa kisiki. Mbili zilikatika. Kila alichokishika kilikuwa kidogo kuliko kazi, na alijua ni kidogo kwa kiasi gani, na kujua huko hakukukiongezea kitu hata kidogo.

Maji yalikuja bila sauti. Kwanza yalijaa katika nyayo za watu, kisha nyayo zikaungana.

Mwanapili, mkewe Alfani, alifika wakati huo. Watu walikuwa wamejaribu kumzuia njiani. Alivuta leso yake juu ya magoti, akaingia, akamkalia mumewe ubavuni kama wanaokaa ukumbini kwao. Hakulia. Alimfuta tope usoni kwa ncha ya leso, akamwuliza kama ana kiu. Alfani alikunywa maji ya dafu, mengi yakamwagika. Kisha akamwita Mwero.

"Sahibu, njoo karibu. Hawa wanapiga kelele."

Mwero alipiga magoti. Maji yalikuwa yamemfika Alfani mbavuni.

"Niambie kweli. Ile winchi itaweza?"

"Sijui."

"Wewe hujui? Wewe unayejua uzito wa kila boliti?"

"Ingekuwa mpya ningekuambia. Hii sijui kilichobaki ndani yake, Alfani. Huenda kipo. Huenda hakipo kabisa."

"Na bredauni ya Mombasa?"

Mwero alitikisa kichwa.

Alfani aliyatazama maji yanavyozunguka kitambaa cha shati lake. Utani ulikuwa umemwisha usoni. Alionekana mdogo kuliko umri wake, na mwenye hofu.

"Sitaki mauti ya maji," alisema. "Nimezaliwa ukingoni mwa maji haya, nimewaona waliotolewa humo. Sitaki Mwanapili anione hivyo, maji yanapanda kidogo kidogo naye ananitazama. Vuta. Ikikubali, imekubali. Isipokubali, liwe la mara moja."

"Usiniambie mimi nifanye hivyo."

"Nimwambie nani?"

Mwero aliinuka. Alimwambia Jefwa amwondoe Mwanapili, na Mwanapili alikataa mpaka mumewe mwenyewe alipomwambia, "Nenda nchi kavu, mama watoto, nitakuja." Aliwaambia wakataji wote waondoke chini ya boriti na mbali na waya, warudi nyuma ili waya ukikatika usiwafikie. Walitii. Lakini lazima mtu abaki wa kumvuta Alfani ukingo ukipanda, na Mwero alipokuwa anafungua mdomo ili aseme, Abdurahman alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, mikono ameipitisha kwapani mwa kaka yake.

"Miguu yako iwe nyuma," Mwero alimwambia. "Ukisikia mlio wowote, rudi nyuma."

"Nikisikia mlio nitavuta," alisema Abdurahman.

Alimsomea kaka yake shahada, na Alfani akaifuata neno kwa neno, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akasema, "Haya, Mduruma."

Mwero mwenyewe alishika mnyororo wa kuvutia. Aliuvuta polepole, pete moja baada ya nyingine, asiupe mshtuko wowote, kwa sababu mshtuko ndio unaoua. Boriti zililia tena. Aliitazama kulabu. Ilifunguka upana wa ukucha, kisha ikasimama. Alivuta. Chini ya lori kitu kilitoa sauti ya kufyonza, ndefu, mapovu yakapanda majini, na ukingo wa bodi ukajiachua kutoka kwenye tope.

Kule nchi kavu kukapigwa ukelele wa furaha. Mwero hakugeuka. Alivuta. Ukingo ulipanda upana wa kiganja, kisha viganja viwili. Aliuona mshipi wa Alfani, kisha suruali yake, kisha paja. Abdurahman alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, visigino amevikita, na Alfani alikuwa anatoka, anatoka kwa kweli, anapiga ukelele wa maumivu uliokuwa mzuri kusikia kwa sababu ulikuwa wa mtu anayetoka. Mguu wa kulia ulionekana mpaka goti.

Kulabu haikukatika. Ilinyooka. Mwero aliiona inanyooka mbele ya macho yake kama kidole cha mtu anayeachilia kitu alichochoka kukishika, na alipata muda wa kupiga kelele ya jina moja, hakumbuki la nani.

Lori lilirudi chini na kuteleza mbele, ukingo wake ukamshukia Alfani tumboni. Wimbi la tope liliwapiga wote wawili.

Maji yalipotulia Abdurahman alikuwa bado amekaa palepale, mikono yake bado imepita kwapani mwa kaka yake, hakuumia popote. Alfani alikuwa amemlalia kifuani, macho wazi, kofia yake iko kichwani. Damu ilitoka mdomoni mara moja tu. Mwero alipowafikia, hakukuwa na kitu cha kufanya.

"Alikuwa anatoka," Abdurahman alimwambia. "Nimemwona anatoka."

Walibaki naye mpaka maji yalipowafika shingoni wale waliokaa, na hapo wakamfunga Alfani kwa leso ya mkewe kwenye boriti ili bahari isimchezee, wakapanda nchi kavu kungoja maji yapwe. Bredauni ilifika magharibi, taa zake zikimulika minazi. Dereva wake, kijana wa Mombasa, alishuka, akalitazama lile lori lililofunikwa nusu, akauliza kwa heshima mzigo wenyewe ni tani ngapi. Aliposikia nne, alisema hii yake inabeba kumi. Hakukusudia ubaya.

Asubuhi, maji yalipokwisha kupwa, aliliinua kwa muda usiozidi wa kuvuta sigara. Alfani alizikwa kabla ya adhuhuri.

Polisi waliuliza maswali, Mwero akayajibu. Waliitazama ile kulabu iliyonyooka, wakairudisha. Bwana Kendall alitoa rambirambi, na mchele, na sukari. Alimwambia Mwero kwamba hakuna anayemlaumu, akampigapiga begani. Baada ya wiki moja aliuliza kama kulabu haiwezi kupashwa moto, ikapindwa tena, wakati ile nyingine inangojwa. Mwero alisema haiwezi. Bwana Kendall alisema sawa. Mwero aliporudi kutoka kwa wazazi wake Kinango, alikokwenda siku mbili, aliikuta winchi imening'inizwa mahali pake gerejini, kulabu imepindwa vizuri na mhunzi wa sokoni, imepakwa rangi nyekundu. Na lori, likiwa na mlango mpya na dereva mpya, lilikuwa limeshuka kwenye mikoko tangu alfajiri.

Aliuchukua msumeno wa chuma, akaikata kulabu ile vipande viwili. Bwana Kendall alimkemea mbele ya watu, kisha akanunua Mombasa mnyororo mwingine wa winchi pamoja na kulabu yake, uliokwisha kutumika, usio na namba popote. Mwero aliugeuza pete kwa pete mchana kutwa, akitafuta namba, mpaka Tembo akamwambia aache.

Siku ya arubaini alikwenda kwenye hitima ya Alfani. Alikaa na wanaume wengine uani, akala alichopewa, akasikiliza kisomo asichokijua. Watu walimsalimia vizuri. Alisikia wawili wakizungumza nyuma yake, hawakujua kama anasikia: mmoja alisema laiti wangevuta mapema, kabla tope halijalishika lori, mwenziwe alisema laiti wasingevuta kabisa. Mwero mwenyewe alikuwa amekwisha kupita njia zote mbili mara nyingi kitandani, na kila moja ilimfikisha palepale.

Alipotaka kuaga, Mwanapili alikuja mpaka mlangoni, amejifunika vizuri.

"Shemeji, nina neno moja," alisema. "Usingevuta, angekufa?"

"Angekufa, shemeji. Maji yangemchukua."

"Una hakika?"

"La maji nina hakika nalo."

"Na ulipovuta, hukujua kama itaachia?"

"Sikujua."

Aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea kitu asichojua atakiweka wapi. "Basi ahsante kwa kuniambia," alisema, akarudi ndani.

Abdurahman alimsindikiza. Walitembea pamoja kwenye njia ya mchanga, kati ya minazi. Abdurahman hakuwa amerudi kwenye boriti tangu siku ile. Alikuwa anauza makaa na nazi, na mikono yake alizoea kuikunja kifuani, kila wakati, kama mwenye baridi. Walipofika njia panda alisimama.

"Fundi, mimi sikulaumu," alisema. "Nilikuwa karibu kuliko wote. Niliona jinsi ulivyovuta. Hakuna ambaye angevuta vizuri zaidi."

"Ahsante, ndugu yangu."

"Lakini usije tena nyumbani."

Mwero alimtazama.

"Si chuki, wallahi. Mama akikuona hashiki chakula siku mbili. Na mimi," Abdurahman alikunja mikono zaidi, "mimi nikikuona nasikia anatoka. Nasikia uzito wake unapungua mikononi mwangu. Siwezi, Fundi."

"Nimesikia," Mwero alisema.

"Utuwie radhi."

"Hakuna ubaya."

Walipeana mikono. Abdurahman aligeuka akarudi, na Mwero akashika njia ya shamba peke yake. Alipofika gerejini lilikuwapo trekta lililongoja kuondolewa injini, na Tembo amekwisha kuufunga ule mnyororo usio na namba, anamngoja yeye tu aseme wavute.

Mwero aliwaambia wote wasogee nyuma. Walisogea hatua moja, mbili, kwa kumridhisha. Aliwaambia wasogee tena. Kisha akaushika mnyororo, akaanza kuvuta.